Kwa nini Doom inakataa laptopu yako

Swali: Shikamoo kaka. Niko mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya kompyuta hapa Dodoma. Kwa mradi wangu wa mwisho nimepakua msimbo wa gemu ya Doom uliotolewa mwaka 1997, nataka kuuhamishia kwenye mashine tatu: laptopu yangu ya Linux ya biti 64, Raspberry Pi ya mwenzangu yenye Linux ya biti 32, na simu ya Android. Kwenye laptopu kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya mashine, iligoma, kwanza kwa faili la `errnos.h`, kisha kwenye `m_misc.c`. Nikafuta mistari iliyogoma. Sasa programu inaanza, inaandika "R_Init: Init DOOM refresh daemon", inaanguka hapo hapo. Kwenye Pi nimetumia Xephyr, yaani dirisha linaloigiza skrini nyingine, yenye skrini ya biti 8 na gemu imewaka, lakini nikibonyeza kurudi nyuma mchezaji anarushwa mbele kwa kasi ya ajabu. Msimamizi wangu anasema niachane na msimbo huu, nichukue toleo ambalo watu wamekwisha kulirekebisha. Wenzangu nao wananicheka: Doom inacheza hata kwenye kipimo cha mimba, iweje mimi nishindwe na laptopu? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hao wenzako, maana naona ndio wanaokuumiza zaidi.

Kipimo cha mimba ni cha mwaka 2020, kazi ya mtu anayejulikana mtandaoni kwa jina la Foone. Skrini ya kipimo chenyewe ilikuwa na maneno machache tu yaliyochorwa tangu kiwandani, na kichipu chake hakikuwa cha kuandikiwa programu upya. Basi akavitoa vyote viwili, akaweka kichakataji kingine na skrini nyingine ndogo ndani ya ganda lile lile. Mwenyewe alilisema hilo wazi. Waliosambaza picha ndio waliolisahau. Kwa hiyo siku nyingine ukiambiwa Doom imecheza kwenye kitu fulani, uliza kwanza: kichakataji ni cha kitu hicho au kimeletwa? RAM ni kiasi gani? Mwaka 2021 mhandisi mmoja anayeandika kwa jina la next-hack aliendesha Doom kwenye moduli iliyochomolewa kutoka taa ya IKEA. Skrini na vitufe aliviongeza, ila kichakataji kilikuwa cha taa yenyewe, chenye RAM ya kB 108. Doom ya mwaka 1993 ilidai MB 4. Hiyo ndiyo kazi ya kuvuliwa kofia, si ganda la kipimo.

Shida yako lakini ni kinyume cha hiyo. Laptopu yako haijashindwa na Doom kwa udogo, imeshindwa kwa ukubwa: pointa zake, yaani namba zinazoshika anwani za kumbukumbu, zina baiti 8, na waandishi wa msimbo ule waliandika 4 mahali pengi bila hata kujua kwamba wanaandika. Kuhamisha gemu kwa kiasi kikubwa ni kuwinda vitu vya namna hiyo, yaani mambo ambayo mwandishi aliyachukulia kuwa ya kudumu kwa sababu mashine iliyokuwa mbele yake ilikuwa hivyo. Sehemu ya kuchora kwenye skrini na kusoma vitufe, ambayo kila mgeni huiogopa, ndiyo nyepesi kuliko zote.

Nikueleze ilivyopangwa. Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, kazi ya id Software ya Texas, Marekani. Ilikuwa gemu ya DOS, mfumo wa PC za wakati ule, lakini haikuandikwa kwenye DOS. John Carmack na wenzake waliiandika kwenye kompyuta za NeXT zenye kichakataji cha Motorola, kisha wakaikompaili kwa ajili ya PC za Intel. Motorola ile iliweka namba kwenye kumbukumbu ikianza na baiti kubwa. Intel huanza na ndogo. Faili lile lile la data lingesomwa kinyume kwenye mashine mojawapo, ndiyo maana utakuta `SHORT` na `LONG` zimepachikwa kila mahali data inaposomwa kutoka faili la WAD, lile lenye ramani, picha na sauti za gemu. Kwenye Intel hazifanyi kitu. Kwenye NeXT zilipindua baiti. Kwa maneno mengine, gemu hii haikuwahi kuishi kwenye mashine moja hata siku moja, na hiyo ni sababu kubwa ya kuenea kwake kuliko gemu nyingine za rika lake zilizoandikwa kwa asembli, lugha ya kichakataji kimoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Asembli ya Doom ilikuwa vipande vichache tu: kuchora safu ya ukuta, kuchora mstari wa sakafu, kuzidisha na kugawanya namba. Kila kimoja kilikuwa na mwenzake wa C.

Angalia majina ya mafaili. Yanayoanza na `p_` ni ya ulimwengu wa gemu, yaani mazimwi, milango na risasi. Ya `r_` ni ya kuchora, ya `w_` husoma WAD, ya `z_` hugawa kumbukumbu. Yote hayo yanadai kwamba hayajui mashine. Yanayoijua ni ya `i_` peke yake: `i_video`, `i_sound`, `i_net`, `i_system`. Kwenye makaratasi, basi, mtu anayehamisha Doom anaandika upya mafaili ya `i_` na kwenda kulala.

Ulicho nacho wewe ni toleo la Linux, na hilo halikutokea kwa bahati. Msimbo ulipotolewa tarehe 23 Desemba 1997, toleo la DOS halikuweza kutolewa kwa sababu lilitumia maktaba ya sauti iitwayo DMX, mali ya mtu mwingine aliyekuwa ameikodisha kwao. Ikatolewa ya Linux, ambayo sauti yake hushughulikiwa na programu ya pembeni, na muziki haupo kabisa. Usipoteze wiki kuutafuta muziki kwenye `i_sound.c`. Haupo.

Turudi kwenye laptopu. `errnos.h` ni jina la zamani tu, andika `errno.h` na uendelee. Kama GCC, yaani kompaila yako, ni mpya, kompaili kwa `-std=gnu89`, la sivyo utapigwa na jambo ambalo halikukupata kwenye Pi: `doomtype.h` inatangaza `false` na `true` kama majina yake yenyewe, na GCC 15 sasa inayahesabu kuwa maneno ya lugha. Hapo utashawishika kufuta tangazo lile na kuweka `bool` ya kisasa. Usithubutu. Nitakuambia sababu baada ya aya mbili, na nakuomba uiamini kwa sasa, maana mimi iliwahi kunila usiku mzima nikitazama kuta zenye picha zilizochanganyika kama kanga zilizoshonwa ovyo.

`m_misc.c` imegoma kwa haki. Kuna jedwali la mipangilio ambalo kila mstari una jina, anwani ya mahali pa kuweka thamani, na thamani ya kuanzia ya aina ya `int`. Mipangilio mingine ni namba, mingine ni maneno, na kwa maneno waliichukua anwani ya neno wakaibana ndani ya `int`. Kwenye mashine ya biti 32 anwani na `int` zina ukubwa mmoja, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Kwenye yako, anwani ya baiti 8 inaambiwa iingie kwenye baiti 4, na kompaila inakataa kwa sababu haiwezi kuikata anwani katikati kabla programu haijapakiwa. Ulipofuta mistari ile ulinyamazisha kengele, moto ukaendelea. Irudishe, badilisha aina ya sehemu ile kuwa `intptr_t`, namba yenye ukubwa wa pointa, na ubadilishe pia kule chini jedwali linaposomwa na kuandikwa.

Sasa ile ajali ya R_Init. Fungua `r_data.c`, tafuta `R_InitTextures`. Utaona nafasi ya pointa ikiombwa hivi: `Z_Malloc (numtextures*4, PU_STATIC, 0)`. Hiyo 4 ndiyo niliyokuwa nikiisema. Mwandishi alimaanisha ukubwa wa pointa, akaandika namba aliyoizoea. Wewe unaomba nafasi nusu ya unayohitaji, kisha unaandika pointa zote, na nusu ya mwisho inaangukia kwenye kumbukumbu ya jirani. Mgawaji wa kumbukumbu wa Doom huweka kichwa kidogo chenye taarifa mbele ya kila kipande, kwa hiyo unachokiharibu ni vichwa hivyo. Ajali inaweza kutokea mbali kabisa na kosa, na ndiyo maana kutazama mstari ulioangukia hakukusaidii. Andika `sizeof(*textures)` badala ya 4, na hivyo hivyo kwa wenzake wa karibu. Halafu tafuta `*4` kwenye mafaili yote, kwa jicho la kuchagua, kwa sababu nyingine ni za `int` na ziko sawa. Usiikose ile ya `linebuffer` ndani ya `p_setup.c`, hiyo hungoja hadi ramani ipakiwe, ukiwa umeshaanza kushangilia.

Ukishamaliza hapo, bado R_InitTextures ina mtego wa pili, na huu ndio ninaoupenda kwa ubaya wake. Muundo wa `maptexture_t` husomwa moja kwa moja kutoka faili: baiti zinaletwa kama zilivyo kwenye diski na kuvalishwa muundo huo. Katikati yake kuna sehemu inayoitwa `columndirectory`, ambayo waandishi wenyewe wameiwekea maelezo kwamba haitumiki tena. Kitu kisichotumika kitadhuru nini? Kimetangazwa kama pointa. Kwenye faili kina baiti 4 milele, lakini kwenye kompyuta yako kinageuka kuwa 8, na kila kinachofuata kinasukumwa mbele. Idadi ya vipande vya picha sasa inasomwa kutoka mahali pasipo pake, inatoka namba ya ajabu, na programu inakwenda kutafuta vipande ambavyo havijawahi kuchorwa. Itangaze kama `int`, basi. Kwenye muundo huo huo kuna `masked` ya aina ya `boolean`, ambayo kwa tangazo la zamani ina baiti 4 kama faili linavyotarajia. Ukileta `bool` ya kisasa yenye baiti 1, mambo yanarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Hapo ndipo kanga zangu zilipochanganyika.

Bado mbili, nizipitie haraka. Kwenye `R_InitColormaps`, na tena kwenye `r_draw.c` panapotengenezwa majedwali ya rangi za wachezaji, anwani inageuzwa kuwa `int` ili isogezwe hadi mahali panapogawanyika kwa 256. Kuigeuza tu kunaifyeka nusu yake ya juu. Tumia `uintptr_t`. Na kwenye `z_zone.c`, ukubwa wa kila ombi hupandishwa hadi kigawe cha 4. Pandisha hadi kigawe cha 8, kwa sababu kuna vichakataji vinavyokasirika pointa isipokaa kwenye anwani inayogawanyika kwa ukubwa wake. Intel itakuvumilia kimya kimya. Huko mbele usije ukadhani uvumilivu huo ni haki yako.

Kabla ya hayo yote, lakini, nakushauri ukompaili kwa `-m32` kwanza. Utahitaji maktaba za biti 32 kwenye mfumo wako. Ikicheza hivyo, umethibitisha kwamba msimbo, data na kompaila viko sawa na kinachobaki ni ukubwa wa pointa tu. Mhamishaji asiyekuwa na nakala moja inayofanya kazi hana cha kulinganishia, atakuwa anapiga ramli.

Kuhusu Pi, umeona mwenyewe kwamba haikuanguka: Linux yake ni ya biti 32, pointa ni baiti 4, na makosa yote niliyoyataja yamelala usingizi. Iliyoamka ni nyingine. Kila sehemu ya 35 ya sekunde, Doom hujaza fomu ndogo inayosema mchezaji ametaka nini: mbele kiasi gani, pembeni kiasi gani, ageuke kiasi gani. Mbele na pembeni zimetangazwa kama `char` tupu. Lugha ya C haikuwahi kusema kama `char` tupu inaweza kubeba namba hasi. Imeliacha hilo kwa kila mashine. Kwenye Linux ya Intel inabeba. Kwenye Linux ya ARM haibebi. Ukitembea nyuma, gemu huandika hasi 25. ARM inaisoma kuwa 231. Hatua ya kawaida ya mbele ni 25, kwa hiyo mchezaji wako anasukumwa mbele kwa nguvu ya mara 9 na zaidi. Jaribu kwenda kushoto bila kugeuka, utakuta anakwenda kulia kwa mtindo huo huo. Andika `signed char` kwenye `d_ticcmd.h`. Ni neno moja tu.

Natamani msimamizi wako angeiona hitilafu hii, kwa sababu inaeleza kwa nini `i_` si mwisho wa kazi. Kitufe kilisomwa sawa, skrini ilichorwa sawa, na kosa lilikuwa ndani ya sehemu iliyodai haijui mashine.

Yuko mwenzake anayejificha zaidi. Doom haibahatishi kwa saa ya kompyuta. Ina orodha ya namba 256, na kila unapohitaji bahati, mchezo unachukua namba inayofuata. Ndiyo maana demo zinazochezwa kwenye skrini ya mwanzo hazijarekodiwa kama video. Zimehifadhi vitufe tu, na gemu inaucheza mchezo upya, zimwi kwa zimwi. Sasa mahali pengi pameandikwa `P_Random() - P_Random()`. C haisemi ni upande gani uitwe kwanza. Kompaila moja inaanza kushoto, nyingine kulia, alama ya jibu inageuka, risasi inakwenda upande wa pili, zimwi lililopaswa kufa linabaki hai, na dakika moja baadaye mchezaji wa demo anapiga risasi ukutani kama mlevi. Zitenganishe: chukua ya kwanza kwenye kigezo, kisha ya pili, kisha toa. Kwenye `m_fixed.c` pia kugawanya kunafanywa kwa namba za desimali za `double`, na njia ya namba kamili za biti 64 imezimwa kwa `#if 0`. Iwashe. Kwenye Pi hutaona tofauti ya kasi, ila siku utakapojaribu kichipu kisicho na kitengo cha desimali utanikumbuka.

Skrini sasa. Wewe umetumia Xephyr, nami nakupongeza, wengi hukata tamaa pale programu inapowaambia inataka skrini ya rangi 256. Kwenye Android hakuna Xephyr. Andika `i_video` upya kwa SDL, maktaba ya kuchora na kusoma vitufe, na utaitumia kwenye mashine zote tatu. Doom huchora picha yake kwenye baiti 64,000, safu 200 za piseli 320, kila baiti ikiwa namba ya rangi kwenye paleti, yaani orodha ya rangi. Kazi yako ni kuwa na jedwali la rangi 256 kamili, kupita kwenye kila piseli na kubadilisha namba kuwa rangi. Mchezaji anapoumizwa skrini huwa nyekundu bila piseli hata moja kubadilika. Kinachobadilishwa ni paleti, kwa hiyo jenga jedwali upya kila `I_SetPalette` inapoitwa. Na usisahau kwamba skrini za wakati ule zilikuwa za 4 kwa 3, huku 320 kwa 200 si 4 kwa 3. Piseli zilivutwa kwenda juu. Ukizionyesha za mraba, kila kitu kitakuwa kifupi na kinene. Ivute picha hadi urefu wa 240. Nimeona matoleo ya kulipia yaliyokosea hapa, sitayataja.

Je, umtii msimamizi? Mimi nisingemtii kwa laptopu na Pi, ila ningemtii kwa Android. Ukitaka gemu ichezwe tu, lipo Chocolate Doom, lililotengenezwa kwa makusudi lifanane na la DOS hadi makosa yake, na lipo doomgeneric, ambalo limeshafanya usafi wote niliokueleza na kukuachia vitendakazi vichache vya kujaza: chora fremu, lala milisekunde kadhaa, saa ni ngapi, kitufe gani kimebonyezwa. Wanaoihamishia Doom kwenye vitu vya ajabu siku hizi wengi huanzia hapo. Lakini mradi wa mwisho unaosema "nilijaza vitendakazi vichache" ni mwembamba. Ripoti inayoonyesha hitilafu saba, kila moja na dhana iliyoizaa na mashine iliyoifichua, nami ningekuwa mtahini ningeisoma hadi mwisho.

Tena usidhani kwamba zamani walikuwa na njia nyepesi. Toleo la Super Nintendo la mwaka 1995 lilifanywa na Randy Linden bila msimbo wa Doom kabisa. Alijiandikia injini yake, akategemea kichipu cha Super FX 2 kilichowekwa ndani ya katriji, na sakafu na dari zikabaki rangi tupu bila picha kwa sababu nguvu haikutosha. Toleo la Atari Jaguar la 1994 alilifanya Carmack mwenyewe, msimbo wote ukiwa mikononi mwake, na bado ukicheza ndani ya ramani husikii muziki: kichakataji cha sauti kilikuwa kimeazimwa kufanya hesabu za gemu. Kila mashine ilidai kitu chake. Pale kwenye Sega Saturn, Jim Bagley alikuwa na mchoro wa haraka uliotumia maunzi ya mashine, Carmack akaukataa kwa sababu picha zilipinda kwenye kuta, na toleo la 1997 likatoka likiwa zito. Miaka mingi baadaye Carmack alikiri kwamba angemwacha ajaribu. Mimi nadhani pia angemwacha. Ukuta uliopinda kidogo unavumilika kuliko bunduki inayochelewa.

Kwa Android, basi, anza na doomgeneric. Sababu ni moja kubwa: Doom ya 1997 inaingia kwenye `D_DoomLoop` na haitoki humo hadi mtu afunge gemu. Simu haikubali. Mfumo wa simu ndio unaotaka kukuita, fremu baada ya fremu, na kukusimamisha mtu akipigiwa. doomgeneric imeupasua mzunguko ule ukawa kitendakazi cha kuitwa mara moja kwa kila fremu. Jambo la pili, faili la WAD likiwa ndani ya APK, faili la kusakinishia programu, halifunguki kwa `fopen`. Ulinakili kwanza kwenye folda ya programu. Kugusa skrini kugeuze kuwa matukio ya vitufe na uyatume kama kibodi ingefanya. Usiingize mguso ndani ya `g_game.c`, utajuta.

Neno la haraka kuhusu haki. Msimbo uko chini ya leseni ya GPL tangu 1999, kwa hiyo ukigawa programu yako gawa na msimbo wako. Picha, sauti na ramani hazimo kwenye leseni hiyo. Tumia WAD ya majaribio, ile yenye sehemu ya kwanza ya gemu iliyoruhusiwa kusambazwa bure, au Freedoom, ambayo imechorwa upya yote na watu wa kujitolea. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na msimbo wako unatafuta `doom1.wad`, wakati faili kutoka DOS linaitwa `DOOM1.WAD`. Nimeona watu wakipoteza siku nzima hapo.

Mwisho kupima. Msimbo wako unajitambulisha kama toleo 110, demo zilizo ndani ya WAD ya toleo la 1.9 ni za 109, na utakataliwa kuzicheza. Badilisha `VERSION` iwe 109. Kisha kwenye laptopu na kwenye Pi kaa utazame demo zote tatu hadi mwisho, kwa macho, kikombe cha chai mkononi; mchezaji wa demo akianza kupigana na ukuta, rudi kwenye `P_Random`. Baada ya hapo endesha `-timedemo demo3`. Programu itajifunga kana kwamba imepata hitilafu, usishtuke, ndivyo inavyotoa majibu. Itakuandikia namba mbili. Ya kwanza kwa WAD hiyo ya majaribio inapaswa kuwa 2134. Ya pili ni muda uliotumika, kwa sehemu za 35 za sekunde: gawanya 74,690 kwa namba hiyo utapata fremu kwa sekunde. Nitumie zile mbili za laptopu na mbili za Pi, pamoja na `r_data.c` yako kama bado inaanguka.